Posho ya Mtu wa Pili

Haridas alikisoma cheti cha jeshi mpaka mwisho, akakikunja kwa mikunjo yake ya zamani, akamrudishia Mutahi juu ya meza ya duka. Kisha akatazama nyuma ya bega la Mutahi na kutikisa kichwa.

"Karatasi yako iko mzuri," alisema. "Lakini mimi nilisema nataka mtu moja. Wewe naleta mtu mbili."

Mutahi aligeuka. Nyuma yake palikuwa na mlango wa duka, na nje ya mlango palikuwa na manyunyu ya mwezi wa saba, yale yanayoshinda kutwa nzima yakidondoka bila kuwa mvua wala kuacha kuwa mvua. Ukungu ulikuwa umemeza upande wa pili wa barabara. Hapakuwa na mtu.

"Niko peke yangu, mzee."

Haridas alicheka, kicheko cha mtu anayedhani anafanyiwa mzaha. Halafu kicheko kikakatika.

"Mwambie aingie ndani ama atoke nje," alisema kwa sauti ya chini. "Asisimame hapo kwa mlango. Naangusha mchanga kwa simiti yangu."

Mutahi akatazama chini. Kizingitini palikuwa na mchanga mwekundu, mkavu, laini kama unga, siku ambayo mji wote wa Nyeri ulikuwa tope tupu.

Kazi ya dukani ikapotea hivyo.

Mutahi alikuwa ametumikia jeshi tangu mwaka ule bendera ya uhuru ilipopandishwa, akafikia ukoplo, na miaka yake mingi aliimalizia Kaskazini, mbele ya Isiolo, kule ambako jua haliulizi cheo cha mtu. Muda wake ulipokwisha alirudi na koti zito, buti, sanduku la bati, na imani ya mtu aliyezoea kupewa kazi kila asubuhi bila kuiomba. Alipanga chumba mtaa wa Skuta, pale pale Nyeri, pamoja na mkewe Wacera, ambaye alikuwa na mimba yao ya kwanza. Alidhani hatakaa sana. Nani angemkataa mtu anayejua kuendesha lori, kulinda ghala na kuamka kabla ya jogoo? Lakini siku hizo kila mwanamume wa Nyeri alikuwa anatafuta kitu cha kushika, na milango ilikuwa michache kuliko mikono iliyoibisha.

Wiki iliyofuata alikwenda Kiganjo kwenye kiwanda cha mbao. Msimamizi, mtu wa makamo aitwaye Ndungu, alimwangalia mabega, akamshika mkono wa juu kama anayenunua fahali, akatabasamu. Kisha macho yake yakahama, na tabasamu likafifia.

"Wewe ningekuchukua leo leo," Ndungu alisema. "Lakini huyo ndugu yako ni mgonjwa sana. Mimi siwezi kuweka mgonjwa karibu na msumeno."

"Ndugu yangu yupi?"

"Huyo mrefu. Aliyejifunga kitambaa kichwani." Ndungu alishusha sauti, kama mtu anayeogopa kumtia aibu mwenye kusikia. "Ati hata maji hujampa? Midomo imepasuka mpaka damu."

Mutahi alishika njia kurudi nyumbani kwa miguu, na kila alipokanyaga tope alisikia nyuma yake hatua nyingine isiyokanyaga tope. Ilikuwa inakwaruza, kama buti juu ya changarawe.

Mtu mrefu, kitambaa kichwani, midomo iliyopasuka. Alimjua mtu huyo. Alikuwa Theuri, mwana wa Mathenge, rika lake, aliyelala kitanda cha jirani yake kambini tangu siku walipovaa kaki. Huko Kaskazini, upepo wa mchanga uliwakuta katika doria, na ulipotulia Theuri hakuonekana. Mutahi alirudi nyuma kumtafuta mpaka jua likakaribia kuzama, akafika kwenye kisima cha zamani kilichozungushiwa mawe meusi, kilichokauka. Akaweka viganja mdomoni, akaita: "Theuri! Theuri!" Na upande wa kisima sauti ikamjibu, kavu lakini wazi: "Niko, afande."

Alikimbia huko. Alizunguka yale mawe, akachungulia chini, akaita tena na tena mpaka koo likamkauka. Hakuona mtu, wala sauti haikurudia. Lori la doria likaondoka naye. Kambini aliripoti kwamba hakuona chochote, na huo ulikuwa ukweli, lakini kwamba alisikia hakumwambia mtu. Mwezi huo huo karatasi zake za kuachishwa zilifika, naye akarudi kwenye baridi ya kwao akiamini kwamba alimwacha rafiki yake akiwa hai.

Sasa Theuri alikuwa amemfuata.

Nyumbani mambo yalianza kukauka. Wacera alikuwa anateka maji mferejini asubuhi, debe likijaa mpaka ukingoni, na kufikia mchana lilikuwa tupu na sakafu chini yake ilikuwa kavu. Nguo za mtoto alizozishona zikawa ngumu kama ngozi mbichi iliyoanikwa. Chumba kikashika harufu ya jiwe lililochomwa na jua, na harufu hiyo, katikati ya baridi ya Skuta ambako ukuta wenyewe ulitoa jasho, ilimfanya Wacera asimame ghafla akiwa anapika na kunusa hewa kama mbuzi aliyesikia chui.

"Kuna nini hapa ndani?" alimnong'oneza mumewe.

"Hakuna kitu."

"Mutahi. Umerudi na nini?"

Hakumwambia. Lakini jioni hiyo, Wacera alipotoka kwa jirani, Mutahi alijaza kikombe maji, akakiweka karibu na mlango, akasema kwa sauti ya kuomba msamaha, "Theuri, ndugu yangu, kama ni wewe, kunywa." Kisha akageukia ukuta. Alisikia kumeza. Kulikuwa kumeza kurefu, kusikopumzika kuvuta pumzi, kukazidi maji yaliyokuwamo kwenye kikombe kile, kukaendelea. Alipogeuka, kikombe kilikuwa kikavu na ndani yake mlikuwa na mchanga.

Wacera alimwita Mzee Kahiga wa kanisani aje awaombee. Mzee alikuja Jumapili baada ya ibada, akasimama katikati ya chumba na kofia yake mkononi, akaomba kwa kirefu juu ya kazi, juu ya mimba, juu ya nyumba changa. Wakasema amina. Akamshika Wacera mkono, akamshika Mutahi mkono, halafu akanyoosha mkono tena pembeni ya Mutahi, akaushika mkono wa hewa, akautikisa kwa upole.

"Na wewe pia, kijana," alisema. "Mungu akuponye hiyo midomo."

Wacera alishika meza asianguke. Mzee Kahiga alivaa kofia yake akatoka, na mpaka kufa kwake hakujua alichokifanya.

Wiki hiyo ujumbe ukaja kutoka kwa Haridas. Alikuwa na jamaa yake, Jashbhai, mwenye ghala la mchele kule Wang'uru, na wezi walikuwa wamemsumbua msimu mzima. Jashbhai alitaka walinzi, tena askari waliozoea kulinda, tena wawili. Haridas alikuwa amemwambia, wawili hao ninawajua.

"Usiende," Wacera alisema.

"Na tukule nini?"

Wacera alilitazama tumbo lake.

Wang'uru ilikuwa nchi nyingine kabisa. Ardhi ilikuwa tambarare, mashamba ya mpunga yalijaa maji mpaka macho yalipoishia, na vyura walilia kwa maelfu hata mchana. Jashbhai alikuwa mzee mnene mwenye miwani, aliyekaa kwenye kiti nje ya ghala lake la mabati. Alimtazama Mutahi kutoka buti mpaka kofia. Akatazama pembeni ya Mutahi, hivyo hivyo, kutoka chini mpaka juu.

"Wewe nani?"

"Mutahi, mzee."

"Na huyu?"

Mutahi alihisi joto likimgusa shavu la upande ule, joto kavu kama la mlango wa tanuri. Alijua kwamba bado angeweza kusema, mzee, niko peke yangu, na kurudi Skuta mikono mitupu. Akamfikiria Wacera akiosha sufuria ambayo haikupikiwa kitu.

"Theuri," alisema. "Huyu anaitwa Theuri."

"Hasemi?"

"Hasemi sana."

"Mzuri. Mlinzi ya maneno mingi nalala." Jashbhai aliinua mkono kumwita karani. "Wapatie nyumba. Wapatie posho ya watu wawili."

Na hapo, karibu sana na sikio lake, Mutahi alisikia ile sauti ya kisimani, kavu, yenye furaha: "Niko, afande."

Hakuna aliyeiba tena katika ghala la Jashbhai. Mutahi alilinda upande wa lango, na upande wa nyuma, uliopakana na mfereji, alimwachia mwenzake. Hakuwa anamwona. Alijua tu aliposimama, kwa sababu vyura wa upande huo walinyamaza, na ukimya wao ulihamahama kandokando ya ua kama kivuli cha wingu. Mbwa wa Jashbhai alikata kamba yake akakimbilia mjini, akagoma kurudi.

Kisha asubuhi moja, kulipopambazuka, Mutahi na Jashbhai wakamkuta mtu nyuma ya ghala. Alikuwa kijana mwenye nguvu, gunia tupu begani, ameketi ukingoni na miguu yake yote miwili ndani ya mfereji wa maji. Alikuwa analamba umande kwenye waya wa ua. Ulimi wake ulikuwa umevimba ukajaa mdomo.

"Maji," aliwaambia. "Nisaidieni maji."

Mutahi alipiga magoti akateka kwa kofia yake, akamnywesha. Kijana alikunywa, akanywa, akanywa, maji yakamwagika kifuani, na baada ya kila kofia alisema neno lile lile, kwa sauti ile ile. Ndugu zake walikuja kumchukua kwa mkokoteni. Jashbhai alifurahi sana, akawaongezea posho, na Mutahi akapokea bila kumtazama usoni. Theuri niliyemjua, alijiambia, alikuwa akimgawia hata kuku wa jirani chakula chake. Halafu akajijibu: kifo cha kiu kinaweza kumbadilisha mtu yeyote.

Wacera alikuja kukaa naye katika nyumba ya walinzi, vyumba viwili vya mabati, kwa sababu siku zake zilikuwa zimekaribia. Hakuuliza chumba cha pili ni cha nani. Alikaa kwake, akafunga mlango, akaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ndogo.

Posho ya mtu wa pili Mutahi hakuigusa. Mchele ule aliulimbikiza katika gunia, na gunia lilipojaa moyo ukamtuma kuupeleka kwa mwenye haki nao, mama yake Theuri, mjane aitwaye Watiri aliyekaa kwenye mgongo wa kilima nyuma ya Karatina. Alikuwa hajathubutu kumtembelea tangu atoke jeshini. Angemwambia nini? Lakini mchele ungesema badala yake.

Asubuhi ya kuondoka alisimama uani akazungumza na hewa. "Theuri, nakwenda kumwona mama yako. Nitarudi kabla ya giza. Nilindie nyumba yangu."

"Niko, afande."

Watiri alikuwa anachambua maharagwe uani alipomwona akipanda kilima na gunia. Alimtambua. Akainuka, akamshika mikono yote miwili, akamwita mwanangu, na Mutahi akaanza kulia kabla ya kusema lolote.

"Mama, nimekuletea mchele," alisema. "Ni haki ya Theuri. Mimi… mimi ndiye niliyekuwa naye siku ile. Nilirudi nikamtafuta, mama. Naapa nilimtafuta."

"Najua ulimtafuta," Watiri alisema, akimshangaa. "Aliniambia."

"Nani?"

"Mwenyewe. Kwani hamjaonana?" Akageuza uso kuelekea nyuma ya nyumba. "Theuri! Wacha kuni uje, Mutahi amefika!"

Mlio wa shoka ukakoma. Mtu akatokea kwenye kona ya nyumba, mrefu, mwembamba, akivuta mguu mmoja, kifua wazi, vipande vya gome vimemganda kwenye jasho. Midomo yake ilikuwa mizima, ina kovu dogo tu. Alitupa shoka akacheka.

"Afande!"

Mutahi alirudi nyuma hatua moja, akajikwaa kwenye ungo, maharagwe yakatawanyika.

Ilichukua muda mpaka akaweza kuketi, na muda zaidi mpaka akaweza kusema. Theuri alimsikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyoacha kucheka.

"Wafugaji waliniokota," alisema alipopata zamu. "Nilikuwa nimelala nyuma ya kichaka, hapo hapo karibu na kisima, mguu umevunjika. Walikaa nami na kunitibu miezi mingi kabla ya kunifikisha Isiolo. Nimerudi nyumbani juzi tu. Mutahi, nilikuona. Nilikuona umesimama, nilikusikia ukiniita. Koo langu lilikuwa limeziba, sikuweza hata kukohoa."

"Lakini uliitika. Nilikusikia."

"Si mimi niliyeitika." Theuri alitazama mikono yake. "Mimi pia nilimsikia. Mtu aliitika kwa jina langu kutoka ndani ya kile kisima, na mimi nimelala pale nikisikiliza. Wafugaji waliniambia kisima kile kina jini, aliwekwa kukilinda tangu zamani za babu zao. Maji yalipokauka hakuna aliyekuja kumwambia kazi imekwisha. Kwa hiyo hukaa akingoja mtu wa kumwamrisha. Wao hawaiti jina la mtu hapo, hata la mbuzi."

Watiri alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Na sasa yuko wapi?" Theuri aliuliza polepole.

Mutahi alikuwa ameshasimama. "Nimemwachia amlinde Wacera."

Wakakiteremka kilima kile mbio, Theuri akivuta mguu, bila koti wala kofia, wakapata lori la mawe lililokuwa likiteremka kuelekea Sagana, na njia nzima Mutahi alikuwa akimwambia dereva aongeze mwendo. Jua lilikuwa linagusa mashamba walipoingia Wang'uru. Jambo la kwanza aliloliona ni mfereji wa nyuma ya ghala. Ulikuwa mtupu. Udongo wa chini yake ulikuwa umepasuka vipande vipande kama chungu kilichovunjika, na samaki wadogo walikuwa wamekauka juu yake, na vyura wote wa upande ule, kuanzia ghala mpaka mbali shambani, walikuwa kimya, kimya kilichoyajaza masikio kuliko kelele yoyote, huku harufu ya jiwe lililoungua ikiwapokea langoni, nzito, ikiwakausha macho.

Wacera alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha nyumba, amelikumbatia tumbo lake kwa mikono miwili. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Mbele yake, karibu sana, alichuchumaa mtu aliyevaa koti la jeshi na kitambaa kichwani, amewapa mgongo, akimwongelesha Wacera kwa upole kama mgeni anayeuliza habari za nyumbani. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa Mutahi kumwona.

"Niite," Theuri alinong'ona pembeni ya Mutahi. "Kama siku ile. Niite, afande, kabla sijakosa nguvu."

Mutahi aliweka viganja mdomoni. Akaita kwa nguvu. "Theuri!"

"Niko, afande," zilijibu sauti mbili kwa pamoja, na hakuweza kuzitenganisha.

Mtu wa kizingitini akaanza kusimama, akasimama, akaendelea kusimama, mpaka urefu wake ukapita mlango, ukapita paa la nyumba, koti likining'inia juu yake kama limetundikwa kwenye mti, na akageuka, na uso aliowageuzia ulikuwa uso wa Theuri kama ambavyo ungechongwa na mtu aliyesimuliwa tu habari za Theuri, macho mahali pa macho, kovu mahali pasipo pake, na ndani ya midomo iliyopasuka hapakuwa na meno wala ulimi, palikuwa na shimo linaloteremka, lililojengewa mawe meusi, na kutoka chini kabisa kwenye shimo lile, mbali, Mutahi alisikia sauti yake mwenyewe ya jioni ile ikiita bado, Theuri, Theuri, haijafika mwisho wake, na ulimi ukamkauka papo hapo kinywani kama jani, akajua kwamba akinyamaza sasa hataongea tena maisha yake yote, akaita mara ya pili, na sauti zikajibu mbili, lakini safari hii ile ya kulia kwake, ya mtu mwenye jasho na vipande vya gome kifuani, ilitangulia kidogo, ikaongeza maneno.

"Niko! Ni mimi Theuri wa Mathenge! Mama yangu ni Watiri! Nimetahiriwa pamoja na huyu, mto mmoja, asubuhi moja! Na wewe ni wa nani? Sema! Wewe ni wa nani?"

Lile umbo lilifungua shimo lake, likasema, "Theuri." Likasema tena, "Theuri," chini zaidi, kama mtu anayepapasa mfuko kutafuta kitu alichokuwa nacho sasa hivi. Halikuwa na jina la baba. Halikuwa na mama.

Mutahi alinyooka. Akapiga kisigino kwa kisigino, akaita kwa sauti ya uwanja wa gwaride, ingawa kila neno lilimkwaruza koo kama mwiba: "Mlinzi! Kazi imekwisha! Ondoka lindoni!"

Koti likaanguka. Hapakuwa na mtu ndani yake. Mchanga mwekundu ulimwagika kutoka kwenye mikono na kola, ukamwagika muda mrefu, mwingi kuliko koti lingeweza kuchukua, na ulipokoma kumwagika wakasikia maji yakija mferejini, yakisukuma majani makavu mbele yake. Chura mmoja akalia. Kisha wote.

Mutahi alimnywesha mkewe kwa kiganja. Alikunywa kidogo, akasema, "Inatosha," nao wakalia kwa furaha kwa neno hilo.

Mtoto alizaliwa kabla ya mwezi kwisha, mvulana, akaitwa Gicheru kwa jina la baba yake Mutahi, kama desturi ilivyo. Theuri hakurudi kilimani. Alibaki akalinda ule upande wa nyuma, akala posho yake mwenyewe, na Jashbhai alimkagua kwa miwani yake asubuhi ya kwanza akaridhika. Miaka mitatu wakaishi hivyo. Baadaye Mutahi alipata kazi ya kuendesha lori kwenye shamba la ngano Timau, akahamia huko na familia yake, na mlima uliokuwa mbele yao ukawa nyuma yao.

Huko Timau, jioni moja wakiwa wanamenya viazi, Wacera alisema jambo ambalo hakuwa amelisema.

"Siku ile aliniuliza mtoto ataitwa nani."

Mutahi aliacha kisu.

"Kabla ya hapo nilidhani ni Theuri kweli, roho yake," Wacera aliendelea. "Nilikuwa namwonea hata huruma. Lakini Mkikuyu gani huuliza mtoto wa kwanza ataitwa nani? Tena Theuri, aliyemjua baba yako kwa jina! Hapo ndipo nilipojua si mtu wetu. Si mtu."

"Ulimwambia?"

"Alikuwa amenikausha, Mutahi. Hakutaka kuacha kuuliza. Nikampa jina. Nililitunga tu, halikuwa la baba yako wala la ndugu yeyote, jina ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu. Alilirudia mara mbili, taratibu. Akashukuru."

"Jina gani?"

Wacera alitikisa kichwa. Mutahi alimbembeleza siku hiyo na siku nyingine nyingi, hakulipata. Alichokiona tu ni kwamba mkewe hakupenda tena mahali penye watoto wengi. Wakipita karibu na shule alishika kitambaa chake cha kichwa na kukivuta juu ya masikio.

Ilikuwa sokoni Timau, mchana kweupe, mwaka ule ngano ilipokubali sana. Mutahi alikuwa amebeba kabichi, Gicheru anamfuata, na Wacera alikuwa akichagua vitunguu. Mwanamke mmoja mgeni, mtoto mchanga mgongoni, alikuwa amempoteza mwanawe mkubwa katikati ya watu. Akainua uso, akaita jina.

Vitunguu vilimtoka Wacera mikononi. Alipita katikati ya marundo ya viazi bila kutazama anachokikanyaga, akamshika yule mama mkono, akamwambia kwa sauti iliyozama, "Mama, nakuomba. Usimwite. Mtafute kwa macho, mimi nitakusaidia, tutamtafuta wote. Usimwite kwa sauti, ataitika mwingine."

"Niache!" Mwanamke aliuvuta mkono wake. "Una wazimu? Ni mtoto wangu, nimwite nani?"

"Nakuomba, mama."

Watu walianza kusimama kutazama. Mutahi alikuwa amefika karibu nao, na hivyo ndivyo alivyolijua lile jina, kwa sababu yule mama, kwa hasira na kwa hofu ya mzazi, alimpa Wacera mgongo, akaweka viganja mdomoni, akaliita tena kwa nguvu zake zote.